Van Kuukuu Ina Historia Yake

Najua nimepotea kidogo. Zamu za usiku zimenibana, na nikirudi asubuhi kitu pekee ninachokitaka ni kitanda. Lakini wiki hii nilipigiwa simu na dada mmoja wa jumuiya ya Watanzania ya mji mwingine. Wanataka kununua van kubwa ya mtumba, zile za watu 15, iwe inawapeleka kwenye misiba, harusi na mikutano. Akaniuliza, "Dada, nyie yenu mliinunuaje, na sisi tuangalie nini?" Nikaanza kumjibu, nusu saa ikaisha sijafika hata kwenye breki. Basi nimeona niandike hapa, na wengine wafaidike.

Mimi si fundi, ni muuguzi. Ila chuoni tulifundishwa jambo moja ambalo nimeliona linafanya kazi hata gereji: kabla hujamgusa mgonjwa, chukua historia yake. Alizaliwa wapi, amefanya kazi gani, amewahi kuugua nini. Magonjwa ya hizi van nayo ni hivyo hivyo. Mengi hayakuanza na uzembe wa mwenye gari. Yalianza kwenye meza ya mchoraji, miaka 50 au 60 iliyopita. Ukiijua historia, unajua pa kuangalia. Kwa hiyo nitaanza na historia, halafu niwasimulie yaliyotukuta sisi.

Hapa Ohio ninakoishi ndiko zilikozaliwa van nyingi mnazoziona barabarani Marekani. Mwendo wa saa mbili hivi kaskazini ya Columbus kuna mji unaitwa Lorain, kando ya Ziwa Erie. Kampuni ya Ford ilikuwa na kiwanda pale. Septemba 1960 waliitambulisha Econoline, gari la mwaka 1961, na Lorain waliendelea kuzitengeneza mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2005. Mji wa jirani, Avon Lake, ukabaki na kazi hiyo. Van za abiria na za mizigo za ukoo huo, ambazo baadaye ziliitwa E-Series, zilikoma mwaka 2014 zikaiachia nafasi Transit. Kwa hiyo ukinunua E-Series ya abiria leo, hata iwe inang'aa vipi, ujue ina zaidi ya miaka 10.

Ile Econoline ya kwanza ilijengwa kwa vifaa vya gari dogo la Ford lililoitwa Falcon. Injini ilikaa katikati ya dereva na abiria wa mbele, imefunikwa na kasha la bati. Waliopanda vipanya vya Dar enzi zile, zile Hiace za daladala, wanajua ninachosema. Ukikaa kiti cha mbele unaungua makalio, maana injini iko chini yako. Faida yake ni kwamba gari linakuwa fupi na nafasi ya mizigo inakuwa kubwa. Hasara ni kwamba pua ilikuwa nzito mno, mpaka kiwandani wakawa wanaweka kipande cha chuma nyuma ili gari lisimame sawa. Kumbukeni hilo la uzito, nitalirudia.

Gari la mwaka 1969 lilikuja na sura mpya, injini imesogezwa mbele na kuna boneti fupi. Dodge na General Motors nao walitoa van zao mpya za aina hiyo mwaka 1971. Lakini injini haikutoka yote. Nusu ilibaki ndani, na ndiyo maana mpaka leo ukikaa mbele kwenye van ya Kimarekani kuna nundu kubwa kati yako na dereva. Hilo ndilo chimbuko la ugonjwa wa kwanza. Joto linajifungia pale, mipira ya maji na nyaya zinakauka na kupasuka mapema. Tena fundi akitaka kufika kwenye plagi za nyuma lazima aingie ndani ya gari, atoe kasha, apige magoti. Saa za kazi zinaongezeka na bei nayo inapanda. Matokeo yake wenye gari wanaahirisha. Ukikuta van ya mtumba ina maili laki moja na nusu, uliza plagi zilibadilishwa lini. Mara nyingi jibu ni kimya.

Na plagi zenyewe zina kisa chao. Kuanzia gari za mwaka 1997 Ford waliweka injini mpya za ukoo wa Triton, za silinda 8 na silinda 10. Ni injini zinazodumu, lakini vichwa vya silinda ni vya aluminiamu, na kwenye zile za mwanzo tundu la plagi lilikuwa na meno machache sana ya kuishikilia, kama manne tu. Plagi ikilegea, meno yanaliwa polepole, mpaka siku moja inaruka kama kizibo cha soda. Utasikia mlio mkubwa, halafu "tuf tuf tuf" bila kukoma, na gari linakosa nguvu. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani injini imekufa, wanauza gari kwa bei ya chuma chakavu. Kumbe linatibika: fundi anachimba tundu, anaweka bushi ya chuma yenye meno mapya, na plagi inakaa imara kuliko mwanzo. Kinga yake ni kufunga plagi injini ikiwa ya baridi, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu.

Hao wengine nao hawakukosa ugonjwa. Chevrolet Express zilianza mwaka 1996, na injini zake za Vortec za lita 5.7 zinajulikana kwa gasketi ya manifoldi, yenye fremu ya plastiki, inayochoka na kuvujisha maji ya rejeta. Ukiona maji yanapungua na chini hakuna tone, funua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili, usiliwashe tena. Dodge zilizotengenezwa mpaka mwaka 2003, zenye injini za Magnum za lita 5.2 na 5.9, ugonjwa wao ni bamba lililo chini ya manifoldi. Gasketi yake ikipasuka, injini inafyonza oili na kuichoma. Dalili yake ni oili kupungua hali hakuna inapovujia, na injini kugonga ukipanda mlima.

Mtaniuliza, kama magari haya yana kasoro hizi zote, kwa nini yalidumu miaka mingi bila kubadilishwa? Sehemu ya jibu ni kuku. Msicheke. Mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwa baadhi ya bidhaa, na mojawapo ilikuwa magari madogo ya mizigo kutoka nje. Walengwa wakubwa walikuwa Wajerumani na van zao za Volkswagen. Bidhaa nyingine zikaja kusamehewa, magari ya mizigo hayakusamehewa. Basi kampuni za hapa zikabaki na soko lao kwa miongo mingi, bila mshindani wa kuzisukuma. Ford walitoa fremu mpya mwaka 1975, na walipobadilisha bodi mwaka 1992, chini yake msingi ulikuwa ni ule ule. Kwetu sisi wanunuzi wa mitumba hii ni neema iliyojificha. Spea zipo kila mahali, ni bei poa, na fundi yeyote mwenye mvi ameshawahi kulala chini ya gari kama hilo.

Sasa nifike kwenye ugonjwa unaoua, na ndio hasa ulionifanya niandike. Mwaka 1971 Dodge walitoa van ya kwanza ya kubeba watu 15. Ford wakafuata mwaka 1978 na van ndefu zaidi. Waliirefushaje? Hawakusogeza magurudumu. Waliongeza nchi 20, yaani sentimita 51, nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu yakabaki pale pale. Mnakumbuka ile ya kwanza ilikuwa pua nzito? Hii ikawa kinyume, mkia ndio mzito. Kiti cha mwisho cha watu wanne kinaning'inia nyuma ya magurudumu, na mabegi yanapangwa nyuma ya kiti hicho. Ukijaza watu, uzito unarudi nyuma na kupanda juu, na tairi za nyuma ndizo zinazobeba msalaba.

Van hizi zilipendwa kwa sababu rahisi. Kwa sheria ya shirikisho, leseni ya dereva wa basi inahitajika gari likiwa limeundwa kwa watu 16 au zaidi, dereva akiwemo. Van ya watu 15 imesimama nje kidogo tu ya mstari huo. Baadhi ya majimbo yana masharti yake, lakini sehemu nyingi mtu yeyote mwenye leseni ya kawaida anaweza kuiendesha. Makanisa, vyuo, timu za michezo na mashamba wakazinunua. Zikichoka huko, zinakuja kwetu.

Mwaka 2001 idara ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, ilitoa tahadhari: van hizi zikibeba watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali ya gari moja ni karibu mara 3 ya zile zenye watu wachache. Wakairudia tahadhari hiyo miaka iliyofuata. Mwaka 2005 wakatoa utafiti wa tairi: asilimia 74 ya van za watu 15 zilikutwa na upepo usio sahihi kwa kiasi kikubwa, wakati kwa magari ya kawaida ni asilimia 39. Ukiweka namba hizo mbili pamoja, picha inajichora yenyewe. Mkia mzito, tairi laini, barabara kuu, tairi ya nyuma inachanika, dereva ambaye si dereva wa basi anakata usukani kwa ghafla. Mimi kazini nimewahi kuwapokea watu wa ajali ya namna hiyo. Sitaeleza zaidi, na wahusika nawaachia heshima yao.

Haya, sasa yetu sisi. Jumuiya yetu ilinunua van mwaka 2021 kutoka kanisa moja. Sitaitaja kampuni iliyoiunda, maana kosa halikuwa lake. Ilikuwa gari la mwaka 2006 na maili 61,000 tu. Tulishangilia, tukapiga picha, tukaipaka hata jina. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo funguo na daftari vilikaa kwangu. Van ikafanya kazi mwaka mzima mjini, safari fupi fupi, hakuna tatizo.

Februari 2022 tukapata msiba wa ndugu yetu mmoja katika jimbo jingine, mwendo wa saa 11. Watu 14 wakajiandikisha kwenda. Siku moja kabla ya safari nikaipeleka van kwa fundi wetu abadilishe oili. Ni mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, sote tunamwita Papa. Nilikuwa nimetoka zamu, nasinzia kwenye kiti, nikasikia ananiita: "Mama munganga, kuya uone." Akanionyesha ubavu wa tairi ya nyuma kushoto. Kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne: 1609. "Hii pine iko muzuri kwa macho," akasema, "lakini iko muzee."

Kwa wasiojua, tarakimu hizo ni tarehe ya kuzaliwa ya tairi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1609 ni wiki ya 16 ya mwaka 2009. Tairi ilikuwa na karibu miaka 13. Kampuni nyingi za magari na tairi zinashauri kubadilisha kati ya miaka 6 na 10, hata kama kashata bado zimejaa. Van yetu ilikuwa na maili chache kwa sababu miaka mingi ilisimama nyuma ya kanisa, jua na barafu vikiila. Mpira unazeeka ukiwa umesimama. Ni kama mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu: kwa nje hana kidonda, ukimgeuza ndipo unaona. Tena Papa akapima upepo. Tulikuwa tumejaza 40 kila gurudumu, kama gari la nyumbani. Kibandiko kwenye mlango wa dereva, ambacho mwaka mzima hatukukisoma, kilisema 55 mbele na 80 nyuma.

Tairi nne na ya akiba, pamoja na kazi, zaidi ya dola 1,100. Mfuko wa gari ulikuwa na dola 200. Fedha pekee iliyokuwepo kwenye akaunti ilikuwa rambirambi. Nikampigia mwenyekiti. Akasema, "Dada, tairi zina kashata zote. Twende, tukirudi tutanunua." Nikampigia mzee mmoja tunayemheshimu sana, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, fedha ya marehemu hainunui tairi." Na kwa mila zetu alikuwa sahihi. Nilikaa pale gereji na simu mkononi, nikawaza nyuso za watu 14, nusu yao nimewahi kula kwao. Nikamwambia Papa anunue. Nikaandika kwenye daftari kuwa ni deni langu mimi, na nikalilipa kwa zamu za ziada mpaka Mei.

Pia nikapunguza abiria. Watu 10 tu kwenye van, wamekaa mbele, kiti cha mwisho kitupu, mabegi sakafuni na hakuna kitu juu ya paa. Wanne walipanda gari jingine, na wawili kati yao walinuna njia nzima.

Jioni Papa akanipigia nirudi. Alipoivua ile tairi ya nyuma kushoto kwenye rimu aliona uvimbe kwa ndani, tabaka la mpira limeanza kuachana na nyaya za chuma, upana wa kiganja. Akaniwekea pembeni nione kwa macho yangu. Nilipiga picha, ninayo mpaka leo. Nikamtumia mwenyekiti. Alijibu neno moja: "Mungu." Yule mzee sikumtumia. Sikutaka ionekane namsuta.

Tukaenda, tukazika, tukarudi. Njiani hakikutokea chochote, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu mpaka kesho wanaamini niliharibu fedha bure. Kazi ya kinga ndivyo ilivyo. Mgonjwa uliyemzuia asiugue hakushukuru, maana hajui.

Kwa hiyo dada yangu uliyenipigia simu, na wengine wote, kabla hamjapeana mkono na muuzaji fanyeni hivi. Someni tarakimu za DOT kwenye tairi zote, na ya akiba msiisahau. Angalieni kama tairi za mbele zimelika upande mmoja. Ford zina mihimili miwili mbele, na bushi zikichoka magurudumu yanalala na kula mpira. Ingieni chini na tochi muone paipu za breki. Huku kwetu barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi, nyingine huchimbwa chini ya lile lile Ziwa Erie, na chumvi hiyo inakula paipu kimya kimya mpaka siku unakanyaga pedeli inazama. Toeni kijiti cha mafuta ya gia mnuse: mekundu ni mazima, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni dalili mbaya. Ulizeni kama ina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuyumba. Ford waliuweka kwenye van za watu 15 kuanzia gari za mwaka 2006, na za zamani zaidi hazina.

Na la mwisho, tengenezeni mfuko wa gari kabla ya kununua gari. Msije mkamweka mweka hazina wenu mahali nilipokaa mimi siku ile, daftari la msiba mkono mmoja na bei ya tairi mkono mwingine.

Leo nimeandika refu, mnisamehe. Saa moja usiku naingia zamu. Mkipanda van fungeni mikanda, hata mliokaa nyuma.